KIUNGULIA: MAANA YAKE NA NJIA ZA KUKITULIZA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Songea)



Hatukuja kama waganga, maana sisi ni makarani kama ninyi. Tumekuja kama watu walioungua, wakauliza, wakasoma, na sasa twapenda kuwagawia wenzetu tuliyoyapata. Jambo lenyewe ni kiungulia, yaani ule moto upandao kutoka chembe cha moyo hata kooni, ukaacha maji makali kinywani.

Chakula hushuka kwa njia iitwayo umio, ambayo urefu wake kwa mtu mzima wapata sentimita 25. Mwisho wake, pale iingiapo tumboni, pana msuli wa duara ufanyao kazi ya bawabu: hufungua mlango tonge lipite, kisha hufunga. Tumboni mna tindikali ya kuyeyusha chakula, na tumbo lina utando wa kuistahimili. Umio hauna utando kama huo. Bawabu akilegea, tindikali hupanda juu ikauunguza. Basi si nyongo, kama wengi wadhanivyo; ubaya u mlangoni.

Wala tusikichanganye na vidonda vya tumbo. Vingi katika hivyo huletwa na kijidudu kilichotambuliwa na mabwana Barry Marshall na Robin Warren mjini Perth, Australia, mwaka 1982, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Vidonda hivyo vina dawa zake, na sharti kupimwa kwanza.

Sasa tujiulize, ni nini kimlegezacho bawabu? Tutazame siku ya karani. Asubuhi hunywa chai kwa haraka. Mchana hushinda na kitafunio. Jioni hukaa mbele ya mlima wa ugali na maharage, akashiba mno, kisha akalala papo hapo. Tumbo lililojaa lausukuma mlango, na mtu akilala chali tindikali haina tena kilima cha kupanda. Mkanda uliokazwa na kitambi huongeza msukumo. Pombe na tumbaku humlegeza bawabu mwenyewe, na kwa wengine kahawa pia. Tumbaku ya Songea na kahawa ya Mbinga zimesomesha watoto wengi wa nchi hii, wala hatuzilaani. Illa mwenye kiungulia na ajipime. Mama mjamzito naye huungua kwa sababu mimba hulegeza msuli ule na mtoto husukuma tumbo juu. Asione haya kumwambia mkunga.

Mtu akiisha kufahamu hayo, njia za kukituliza hujieleza. Kwanza, tule kidogo kidogo mara nyingi, kuliko kushindilia mara moja. Pili, tusilale kabla ya kupita saa tatu tangu kula. Yafaa chakula cha jioni kiwahi. Tatu, tuinue kichwa cha kitanda kwa kuweka tofali chini ya miguu yake miwili ya kichwani, kiasi cha sentimita 15 hata 20. Kurundika mito hakufai, maana hukunja kiuno na kulibana tumbo. Nne, tulalie ubavu wa kushoto, kwa kuwa hapo tumbo hukaa chini ya umio. Tano, mwenye mwili mzito na aupunguze, na mvutaji aache.

Katika dawa, wazee wetu walilamba magadi, na kweli hupoza tindikali. Lakini yana chumvi nyingi, na mwenye shinikizo la damu hujidhuru. Vidonge vya magnesia hutuliza kwa muda mfupi. Omeprazoli hupunguza tindikali inayotengenezwa, na yapasa kumezwa nusu saa kabla ya kula. Hata hivyo, ye yote asiimeze miezi na miezi bila mganga kujua. Tena dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki huweza kulidhuru tumbo. Mwenye kiungulia asizimeze ovyo.

Mabwana na Mabibi, sasa twafika mahali palipotufanya tuombe nafasi hii. Tulikuwa na mwenzetu mmoja afisini aliyeweka kikopo cha vidonge katika saraka ya meza yake. Killa alipoungua alimeza, na sisi tulikwenda kumwomba kama dukani. Baadaye aliacha ugali, akasema wampalia, akala wali. Kisha akaacha wali, akanywa uji tu. Suruali zilipompwaya tulimtania kwamba ameanza kujipunguza mwili kama vijana. Alipofika hospitali, uvimbe ulikuwa umekwisha ziba umio. Tulimzika. Tulikuwa tumekaa naye meza kwa meza siku zote, wala hapana hata mmoja wetu aliyemwambia: Ndugu, nenda ukapimwe.

Kwa hiyo shikeni dalili hizi. Chakula kikikwama, mwili ukikonda bila sababu, mtu akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, hicho si kiungulia cha kumezea vidonge. Aende hospitali asingoje. Kadhalika maumivu ya kifua yajayo pamoja na jasho, au yaendayo mkononi au tayani, au yamshikayo mtu apandapo kilima, yaweza kuwa ya moyo wenyewe, na hapo saa moja ni nyingi. Saratani ya umio huonekana sana katika upande huu wa Afrika, toka Ethiopia na Kenya kupita kwetu hata Malawi. Tena mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 yamkini huleta saratani hiyo.

Basi kesho chai ya saa nne ikiletwa, iacheni ipoe kidogo. Na mkiona mwenzenu ameacha ugali, msimtanie. Muulizeni, na ikibidi mfuatane naye hata mlango wa hospitali.