Leseni 140 na Kompyuta Tupu



Barua ya mwaliko ilinitaka niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali na nashughulikia kompyuta za ofisi. Asubuhi hii mwanafunzi aliyenipokea mkoba aliniuliza kama natengeneza kompyuta. Nilimjibu kwamba nazihesabu. Alicheka, lakini sehemu kubwa ya kazi ndiyo hiyo.

Nimeamua kuwaeleza mambo ya mwaka 2014, kwa kuwa mwaka ule nilikosea, na aliyelipia kosa hilo si mimi.

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft waliacha kuihudumia Windows XP. Mashine hazikuzima, ziliendelea kuwaka kama kawaida. Ila tundu la usalama likigunduliwa baada ya siku hiyo, hapakuwa tena na ahadi ya kulizibwa. Mlio wakubwa mnakumbuka kirusi kile cha Mei 2017 kilichofunga mafaili ya watu duniani na kudai fedha: kiliingilia tundu ambalo kiraka chake kilikwisha kutolewa tangu Machi kwa mifumo iliyokuwa bado ikihudumiwa. Basi ofisi yetu, ambayo karibu yote ilikuwa ikitumia XP, ilipewa fungu la kununua kompyuta mpya 140.

Wauzaji walileta bei za namna mbili: kompyuta iliyokuja na Windows ndani yake, na kompyuta tupu. Tofauti ya bei haikuwa ndogo. Mimi nilikuwa ofisa kijana mwenye digrii na maneno mengi. Nikashauri tununue tupu, kisha tununue leseni za jumla 140, ambazo moja moja zilikuwa nafuu. Wakubwa walifurahi. Nilipongezwa kikaoni, na pongezi hizo zikaandikwa katika kumbukumbu.

Sasa vijana sikilizeni, maana hapa ndipo wengi huangukia. Ukilipia mfumo endeshi hununui mali kama unavyonunua meza. Unanunua ruhusa, na ruhusa zina aina zake. Iko inayozaliwa na mashine. Mashine ikifa, nayo imekufa, huwezi kuihamishia kwa nyingine. Iko ya mtu mmoja mmoja anayonunua dukani, ambayo huweza kuhama. Na iko hiyo ya jumla kwa ajili ya maofisi. Hiyo ya jumla, kwa Windows ya kompyuta za mezani, ni ruhusa ya kupandisha tu: mashine sharti iwe tayari na leseni yake halali, ndipo uipandishe toleo jingine. Ni sawa na kibali cha kujenga ghorofa ya pili. Mimi nilinunua vibali 140 vya ghorofa ya pili, na chini palikuwa kiwanja kitupu.

Palikuwa na kijana wa mkataba ofisini petu, naye alisoma shule hii, miaka kadhaa nyuma yangu. Alikaa na masharti ya leseni, karatasi kwa karatasi, akaniandikia dokezo la nusu ukurasa akilisema jambo hilo hilo nililowaambia sasa hivi. Nililisoma. Nikaandika pembeni, "Nimeona," nikalirudisha jaladani. Wale waliofanya kazi maofisini wanajua "Nimeona" maana yake nini.

Kompyuta zikafika. Huwezi kuweka mfumo kwenye mashine 140 kwa kukaa mbele ya kila moja na diski mkononi. Unaandaa mashine moja ya mfano, unaweka mfumo, programu za ofisi, printa na viraka vyote. Kisha unachukua nakala yake yote, unaiweka kwenye seva. Zile nyingine zinawashwa kupitia waya wa mtandao na kuivuta nakala ile. Tulifanya mashine 20 kwa usiku, usiku 7. Nilijiona fundi mkubwa.

Kumbe nilikuwa nimeruka hatua moja. Kabla ya kuchukua nakala, mashine ya mfano hupitishwa katika programu iitwayo Sysprep, inayofuta utambulisho wake ili kila nakala ijipatie wa kwake. Mimi niliona ni kupoteza muda. Matokeo yake mashine 140 zilikuwa na utambulisho mmoja, mfano wa darasa zima lililoandikishwa kwa namba moja ya mwanafunzi. Na leseni za jumla huthibitishwa na seva ya ofisi, iitwayo KMS, ambayo haikubali kuanza kazi mpaka ihesabu angalau kompyuta 25 zilizoiomba. Yetu ilihesabu 1. Kila asubuhi niliiangalia, na kila asubuhi ilisema 1. Windows 7 ilikuwa na muhula wa siku 30 tu bila uthibitisho. Siku ya 31 watu walikuta vioo vyeusi na onyo kwamba nakala zao si halali. Kazi ziliweza kuendelea, lakini mhasibu mmoja alizima mashine yake kwa hofu ya kukamatwa.

Aliyegundua sababu ni kijana yule yule. Alizunguka siku 4, chumba kwa chumba, akitoa amri ya kufuta utambulisho ule na kuanza upya. Hesabu ikapanda, ikapita 25, vioo vikarudi rangi yake. Toka hapo kila mashine ilijiuliza kwa seva kila siku 7, na kila uthibitisho ulidumu siku 180.

Mwaka 2015 wakaja wakaguzi. Hawakuuliza kama kompyuta zinafanya kazi. Waliuliza leseni za msingi ziko wapi. Seva ilikuwa imeridhika, sawa, lakini seva huhesabu mashine tu, haisomi mkataba. Tukalazimika kununua leseni za msingi 140, kwa fedha zilizochotwa kwenye fungu la mafunzo, na nafuu yote niliyopongezwa nayo ikayeyuka na zaidi.

Mkaguzi aliniuliza, nani aliandaa orodha ya mahitaji? Orodha ilichapwa na kijana yule, kwa maagizo yangu. Nikajibu kwamba iliandaliwa na yeye. Sikudanganya hata neno moja. Wala sikutaja dokezo. Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa, na sababu iliyoandikwa ilikuwa ni udhaifu katika maandalizi ya manunuzi.

Mwaka 2017 niliandika barua ya kusahihisha kumbukumbu, nikaambatanisha nakala ya dokezo lile. Barua ilipokelewa na kugongwa mhuri. Yeye alikwisha ondoka, amefungua kazi yake binafsi. Nilimpigia simu nimweleze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Sawa, kaka," akaniuliza habari za nyumbani. Hatujazungumza tena.

Mambo haya yamerudi. Tarehe 14 Oktoba 2025 ilikuwa zamu ya Windows 10 kuachwa, na Windows 11 inadai mashine iwe na chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, ambayo mashine nyingi kuukuu hazina au haziitimizi. Safari hii, kabla ya kuomba bei yoyote, nilitoa dokezo la mwaka 2014 jaladani na kuliweka juu ya kikao, na jina la mwandishi wake likiwa pale pale.

Najua kuna kijana ataniuliza kwa nini tusitumie Linux, isiyo na ada ya leseni. Swali zuri. Mji wa München huko Ujerumani uliamua hivyo mwaka 2003, ukahamisha kompyuta zipatazo 15,000, kazi ikakamilika 2013. Mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Wengine wanasema ni siasa, wengine wanasema ni mafaili yasiyofunguka sawasawa. Mimi nasema leseni ya bure haiondoi mishahara ya mafundi, nayo lazima iwekwe kwenye bajeti.

Mwisho, Mwalimu Mkuu ameniomba nitazame chumba cha kompyuta cha shule. Nimeambiwa ziko 22. Hazifiki 25, kwa hiyo habari ya seva ya KMS isahauni; mtahitaji namba ya pamoja ambayo kila mashine huithibitisha mara moja kwa Microsoft. Lakini kwanza naomba nioneshwe stakabadhi za ununuzi. Nitakuwa pale baada ya chakula cha mchana, na Kidato cha Sita wanaopenda waje na daftari.