Ulikuwa Wapi Jana Usiku? Hipokampasi, Kumbukumbu na Haki ya Mzee

Mhadhara wa umma, Gesima, Kaunti ya Nyamira



Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa katika eneo la Gusii kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021, wanawake wanne waliuawa kwa madai hayo hayo huko Marani, Kaunti ya Kisii. Katika tuhuma za namna hii, jambo moja hutajwa kama ushahidi mara kwa mara: mzee ameonekana nje usiku, na alipoulizwa alikuwa akifanya nini hakutoa jibu la kueleweka. Ninasimama hapa kutetea hoja moja. Swali "Ulikuwa wapi jana usiku?" hupima afya ya sehemu ndogo ya ubongo iitwayo hipokampasi, hatia haliwezi kuipima. Mzee anayeshindwa kulijibu ameonyesha dalili ya kupelekwa hospitali. Ili hoja hiyo isimame, yatupasa kwanza tuelewe jinsi ubongo unavyolirudisha tukio lililopita.

Hipokampasi ni mbili, moja kila upande wa kichwa, ndani kabisa ya ubongo karibu na usawa wa masikio. Umuhimu wake ulidhihirika baada ya mwaka 1953, pale daktari William Scoville wa Hartford, Marekani, alipomwondolea Henry Molaison sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili ili kutuliza kifafa. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyeandika pamoja na Scoville ripoti ya mwaka 1957, alikutana na mtu mwenye lugha, adabu na akili zake, anayekumbuka mengi ya utotoni, ila jambo jipya halikukaa kichwani mwake. Alijifunza kuchora nyota kwa kutazama kioo. Mkono wake ukawa hodari zaidi siku hadi siku, huku mwenyewe akisema hajawahi kulifanya zoezi hilo. Hakuwa akidanganya. Mtu anaweza kutenda jambo, akaeleza kweli yote aliyo nayo, na bado asiweze kusimulia alichotenda.

Sasa tuutazame mzunguko wenyewe. Habari zinazoletwa na macho, masikio na pua hukusanyika katika gamba la entorino, jirani wa hipokampasi. Kutoka hapo hupita denteti, ambayo hutenganisha mambo yanayofanana ili soko la juma hili lisichanganyike na la juma lililopita. Kisha huingia eneo la CA3, halafu CA1, na hatimaye hurudi kwenye gamba la ubongo. Hatua muhimu ya kukumbuka hufanyika CA3, kwa kuwa seli zake zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe kwa wingi, na zile zilizofanya kazi pamoja wakati wa tukio huimarisha viungo baina yao. Mwaka 1971 David Marr alitabiri matokeo ya mpangilio huo: kipande kidogo cha tukio kikirudi, kitaamsha tukio zima, kama kwaya ambayo sauti moja ikianzisha wimbo wengine wote huupokea. Mwaka 2002 maabara ya Susumu Tonegawa iliujaribu utabiri huo kwa panya waliokosa, katika CA3 pekee, kipokezi kinachohitajika kuimarisha viungo hivyo. Panya hao walijifunza vizuri kuogelea hadi jukwaa lililofichwa majini, alama zote za ukutani zikiwapo. Alama nyingi zilipoondolewa, panya wazima bado walielekea penye jukwaa, lakini wale wenye kasoro walipotea. Kumbukumbu haikuwa imefutika. Uwezo wa kuifikia kwa kidokezo kidogo ndio uliokosekana.

Mtu atasema kwamba panya si binadamu, na ni haki aseme hivyo. Lakini mwaka 2008 ilichapishwa kazi ya watafiti waliorekodi seli moja moja kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamewekewa nyaya ubongoni kwa ajili ya matibabu. Wagonjwa walitazama vipande vya filamu, kisha wakaombwa wataje vile wanavyokumbuka. Seli za hipokampasi na za gamba la jirani zilizoitikia kipande fulani ziliamka tena muda mfupi kabla mgonjwa hajakitaja. Kwa mwanadamu pia, kukumbuka ni kuliamsha upya kundi la seli. Kazi hiyo hutaka viungo vizima na kidokezo cha kutosha, na swali la ghafla kuhusu usiku uliopita humpa mzee kidokezo kidogo mno.

Tuongeze suala la kutembea usiku. John O'Keefe aliripoti mwaka 1971 seli za hipokampasi zinazoamka mnyama akiwa mahali maalumu. Mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser, pamoja na wenzao, walieleza seli za gamba la entorino zinazopima nafasi kwa mpangilio wa kimiani. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Basi ugonjwa wa Alzheimer, ulio chanzo kikuu cha dimenshia (hali ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), huanza kuharibu seli katika gamba hilo hilo la entorino na hipokampasi. Ndiyo maana kusahau mambo ya jana na kupotea njia huandamana. Mzee anayekutwa langoni kwa jirani usiku wa manane, asijue alifikaje, huenda ana ugonjwa mmoja wenye sura mbili, wala hakuna fumbo la giza hapo. Tena si ugonjwa wa Ulaya peke yake: utafiti uliofanywa wilayani Hai, Tanzania, ulikadiria dimenshia kuwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Hesabu hiyo inawasahihisha pia wale wanaosema kwamba huo ni uzee tu. Wazee walio wengi katika hesabu hiyo hawakuwa na dimenshia.

Umati unaomhoji mzee nao huharibu ushahidi unaodai kuutafuta. Hofu humwaga kotisoli mwilini, na hipokampasi imejaa vipokezi vya homoni hiyo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba watu wenye afya waliopewa kotisoni, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa kotisoli, walishindwa zaidi kukumbuka maneno waliyokuwa wamejifunza siku iliyotangulia. Ikiwa kijana mzima hupungukiwa hivyo kwa kidonge, bibi wa miaka 80 aliyezingirwa na mienge atajibu nini?

Yapo mapingamizi mengine. Wapo watakaosema kwamba tukiitilia shaka kumbukumbu ya mtuhumiwa, hatutamwamini shahidi yeyote. Najibu kwamba tahadhari hiyo inawahusu mashahidi kwanza. Shahidi aliyeona kivuli gizani naye ana ubongo unaokamilisha kipande kidogo kuwa picha nzima, na picha hiyo huchorwa na kile alichokwisha kukitarajia. Ndiyo sababu mahakama hutafuta ushahidi unaojitegemea. Wengine watasema kwamba tuhuma nyingi ni za mashamba na urithi, kwa hiyo elimu ya ubongo haitamzuia mwenye tamaa. Ni kweli kwamba haitambadilisha mwenye tamaa. Lakini huyo hawezi kufanya kazi yake bila umati unaoamini, na umati huamini kwa sababu umeonyeshwa mzee asiyeweza kujieleza. Hoja yangu wala haitegemei waliouawa kuwa wagonjwa. Inatosha kwamba kushindwa kujieleza si ushahidi kwa mtu yeyote, mgonjwa au mzima.

Pingamizi la mwisho ni kwamba elimu hii ni ya kigeni. Abagusii wana haki ya kulikataa hilo kuliko watu wengi duniani. Omobari omotwe, mpasuaji wao wa jadi wa kichwa, alifungua fuvu la mtu mwenye maumivu yasiyoisha baada ya jeraha la kichwa, akiukwangua mfupa kwa uangalifu asiutoboe utando unaofunika ubongo, na kazi yake iliandikwa katika majarida ya udaktari ya karne ya 20. Jamii iliyojua zamani kwamba kichwa huumia na hutibiwa haina haja ya kuazima kwa mtu wazo hilo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Katika baraza la chifu na vikao vya Nyumba Kumi, kusahau, kupotea au kujibu kwa kubabaika kusipokewe kamwe kuwa dalili ya hatia. Mhudumu wa afya ya jamii aitwe kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa usahaulifu mwingine hutokana na maambukizi, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi la shingo au dawa, na huweza kutibika. Na familia zimsaidie mzee kwa vidokezo: zitaje jina, mahali, mtu aliyekuwa naye, zikianza na mambo ya zamani anayoyamudu. Mizunguko ya ubongo wake ikidhoofika, sisi tulio wazima ndio tunaopaswa kumkumbukia, na sheria za nchi ziwe upande wake.