Kisigino Kisipokaa Chini: Kuchuchumaa na Kuinua Mizigo Bila Kuumiza Mgongo

(Mazungumzo yaliyotolewa katika kikao chetu cha kazi na afya)

Najua wengine mmetoka zamu ya usiku na bado hamjalala, kwa hiyo sitawachosha.

Leo tunazungumza juu ya kuchuchumaa. Najua mtacheka. Nani hapa alifundishwa kuchuchumaa? Kule nyumbani tulipika kwenye mafiga, tukafua, tukaenda chooni, yote kwa kuchuchumaa. Lakini hebu jaribuni sasa hivi, hapo mlipo, visigino vyote viwili vikae chini. Naona wengine wamesimama kwa vidole, na mzee wetu pale mbele ameshika kiti. Basi ndiyo habari yenyewe.

Mimi pia ni mmoja wenu. Kambini niliteguka kifundo cha mguu wa kulia nikibeba maji. Kilifungwa kitambaa, yakaisha. Nilipofika Marekani, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga maboksi ghalani. Tulionyeshwa video: kunja magoti, usipinde mgongo. Nilikunja magoti, kisigino kikanyanyuka, nikayumba, mwishowe nikawa nainama tu. Baada ya wiki chache mgongo ulianza kuuma. Nilimeza dawa za maumivu nikanyamaza, kwa kuogopa kufukuzwa. Nilidhani ugonjwa uko mgongoni, kumbe ulianzia chini.

Ukichuchumaa, goti lazima lisogee mbele, mguu ulale juu ya kifundo. Kifundo kikikaza, mwili unatafuta njia nyingine. Kisigino kinainuka, magoti yanaingia ndani, au kifua kinaanguka mbele na mgongo unajikunja. Ukiwa umeshika boksi la kilo 20, mgongo ndio unaoumia.

Jipime nyumbani. Vua viatu, simama mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu kiwe inchi 4 kutoka ukutani, yaani sentimita 10. Sukuma goti liguse ukuta, kisigino kisiinuke. Likigusa, kifundo kina nafasi ya kutosha. Lisipogusa, sogeza mguu karibu kidogo kidogo mpaka liguse, pima umbali, uandike. Fanya miguu yote miwili.

Sikiliza pia unabanwa wapi. Ukivutwa nyuma, kwenye shavu la mguu, ni misuli, na kuinyoosha kutasaidia. Ukibanwa mbele ya kifundo, kama kitu kimegongana na kingine, huenda ni kiungo chenyewe. Hapo usilazimishe. Mwone mtaalamu wa tiba ya viungo.

Sasa, kesho kazini ufanye nini?

Kwanza, tanua miguu kupita mabega kidogo, vidole vitazame nje kidogo, na magoti yafuate vidole. Kifundo kigumu kinapata nafuu hapo.

Pili, usishindane kwenda chini. Rudisha makalio nyuma kama unayekaa kwenye kigoda, na ushuke mpaka pale ambapo kisigino bado kiko chini na mgongo umenyooka. Hapo ndipo mwisho wako kwa leo.

Tatu, kitu kikiwa chini kabisa, piga goti moja. Mguu mmoja mbele na nyayo yake yote chini, wa nyuma uko kwenye vidole. Vuta boksi karibu na tumbo, kisha inuka. Njia hii haidai kifundo kikunjike sana. Na kama maboksi yanaweza kuwekwa juu ya meza au rundo la palati, omba yawekwe. Si uvivu huo.

Nyumbani, jizoeze hivi. Weka visigino juu ya ubao wa inchi 1, shika galoni ya maji kifuani, kaa polepole kwenye kiti, simama. Rudia mara 8 hadi 10. Ubao unakipunguzia kifundo kazi, na maji ya mbele yanakusaidia usianguke nyuma.

Halafu nyoosha misuli. Shika ukuta, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, hesabu sekunde 30. Rudia goti likiwa limekunjwa kidogo, maana kuna msuli mwingine wa ndani. Mara 3 kila mguu, karibu kila siku. Baada ya wiki 6 jipime tena ukutani. Mabadiliko huja polepole, usikate tamaa.

Kifundo kikivimba, ukishindwa kukikanyagia, au maumivu yakishuka kutoka mgongoni hadi mguuni pamoja na ganzi, acha mazoezi uende kwa daktari. Omba mkalimani, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupatia bila malipo. Usimtumie mtoto wako.

Ukiumia kazini, mwambie msimamizi siku hiyo hiyo, kwa maandishi, ubaki na nakala. Kila jimbo lina muda wake wa kuripoti, na sheria inamkataza mwajiri kukuadhibu kwa sababu umeripoti. Mimi nilipokuja kusema, niliulizwa: mbona ulikaa kimya? Sikuwa na karatasi hata moja, na matibabu nililipa mwenyewe. Kama hujui kuandika barua hiyo, njoo ofisini tuiandike pamoja.

Kifundo changu cha kulia kilianzia inchi 2. Leo kiko 3. Sichuchumai kama mama yangu anapochambua mboga, na labda sitafika huko. Lakini namwinua mwanangu kutoka chini bila kushika kiuno.

Haya, vueni viatu. Twendeni ukutani.