Tundu la Kasuku Mdogo Tuliweke Wapi?

Leo tunawazungumzia wale kasuku wadogo wenye asili ya Australia, wa kijani au buluu, wanaofugwa majumbani.

Kwanza, tundu lisikae jikoni. Mapafu ya ndege huyu hudhurika upesi. Moshi wa mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma au kupuliza, hata mvuke wa kikaango kisichogandisha chakula kikipata moto kupita kiasi, vyaweza kumuua.

Pili, barazani kuna kunguru, paka na nyoka, na kusi ikivuma humpiga moja kwa moja. Chini ya bati lisilo na dari, nako joto la mchana ni kali. Ukimwona anahema mdomo wazi, mabawa kayaachanisha na mwili, mhamishie penye ubaridi na umpe maji.

Mahali pazuri ni sebuleni: tundu liegemee ukuta, kimo cha kifua, mbali na dirisha lipigwalo na jua. Usiku lifunike kwa kanga nyepesi, ukiacha upenyo wa hewa.

Akizidi kunyong'onyea, muone daktari wa mifugo mapema.