Usiizime Eisi na Kuisahau

  

Leo tunazungumza nawe uliye Mombasa, Malindi au kwingineko Pwani, na nyumbani kwako una kiyoyozi, au eisi, kama wengi tunavyoiita.

Kuanzia Desemba hadi Machi joto huwa kali, na eisi hufanya kazi usiku kucha. Mvua za masika zikianza, tunabonyeza rimoti na kuisahau mpaka joto lirudi. Hapo ndipo tunapokosea.

Eisi iliyozimwa hubaki na vumbi na unyevu ndani yake. Vikikaa pamoja, kuvu huota. Siku utakapoiwasha tena, hewa itaipeperusha kuvu hiyo hadi kitandani kwa mtoto. Mwenye pumu anaweza kubanwa na kifua usiku huohuo. Mwingine atapiga chafya na kutokwa na kamasi, nawe udhani ni mafua tu.

Hatari ya pili iko nje, katika ile ndoo inayokinga maji ya eisi. Maji yaliyotuama humo ni mazalio ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi. Ugonjwa huu ulilipuka Mombasa mwaka wa 2013, na tena mwaka wa 2021. Mbu huyu huuma mchana, kwa hivyo neti ya usiku pekee haitoshi.

Basi mama, kabla ya kuipumzisha eisi yako, fanya hivi:

Kwanza, izime kwenye swichi ya ukutani. Fungua kifuniko cha mbele, utoe vichujio. Vioshe nje, watoto wakiwa mbali, kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo. Vianike kivulini mpaka vikauke kabisa.

Pili, virudishe, kisha washa eisi kwa feni pekee, bila baridi, kwa saa chache. Hivyo ndivyo sehemu za ndani zinavyokauka.

Tatu, zima tena ukutani. Toa betri za rimoti na uziweke mahali mtoto hafiki.

Nne, mwaga maji ya ndoo na uisugue kuta zake kwa brashi. Kumwaga tu hakutoshi, kwa sababu mayai ya mbu hushika ukutani na huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa, yakingoja maji. Kisha ifudikize.

Usimwagie maji ndani ya eisi. Ikiwa inavuja, au harufu ya uvundo haiishi, mwite fundi. Mambo ya gesi na umeme ni yake.

Mtoto akipata homa kali, akalalamika kichwa, viungo au nyuma ya macho, usikisie kuwa ni malaria. Mpeleke kituo cha afya akapimwe. Usimpe aspirini wala ibuprofen, kwani zinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Akitapika mfululizo, akiumwa sana na tumbo au akitoka damu kwenye fizi, mkimbize hospitali.

Mama, kazi hii ni ya siku moja tu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukimaliza kusikiliza, toka nje uitazame ile ndoo.