Usiikimbie Mashine ya Sukari

 

Ndugu zangu katika imani, hukumu za saumu masheikh wetu wametueleza na wanaendelea kutueleza. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya kipimo cha sukari kazini, na kwa nini wengi wetu tunakikimbia.

Ami yangu, na haya nayasema kwa ruhusa yake, ni mfanyikazi wa godauni moja Shimanzi. Siku moja waliletwa manesi kuwapima presha na sukari, bure. Ami kuona ile foleni akaenda kuswali Adhuhuri, na siku hiyo, kama anavyosimulia mwenyewe, hakubakisha sunna hata moja. Kurudi, manesi washakwenda zao. Hofu yake ilikuwa moja: "Wakijua nna sukari, siku nikichelewa kubeba gunia wataniambia nenda nyumbani."

Miaka mitatu baadaye kidonda kidogo cha kiatu kilikataa kupona. Hospitali ndiko alikopimwa sukari mara ya kwanza maishani mwake, na kidole cha mguu kikakatwa. Husema mwenyewe: nilikionea huruma kidole cha mkono kisichomwe sindano, nikapoteza cha mguu.

Sasa sikiliza. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi, hakipigi hodi. Mtu aweza kukaa nacho miaka bila kuumwa popote, na huku macho, figo na mishipa ya miguu vinaharibika polepole. Kiu, kukojoa kila saa, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, mara nyingi hayo huja baadaye. Na mwezi huu kiu yote tunaisingizia saumu! Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu watu wazima 88 katika kila 100 hapa Kenya hawajapimwa sukari hata mara moja.

Kipimo chenyewe ni tone la damu tu, na jibu huja kwa sekunde chache. Ukipimwa hujala kwa saa 8, chini ya 6.1 ni kawaida. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Ikifika 7.0 au zaidi huenda ni kisukari, lakini usilie wala usinunue dawa hapo: nenda hospitali ukapimwe tena damu ya mshipa. Aliyepata onyo ana nafasi kubwa, kwani kupunguza uzito, kutembea kila siku na kupunguza soda na kaimati (samahanini mama zangu) kwaweza kuuzuia ugonjwa usifike.

Vijana wa mahoteli wataniambia, "Mimi nna cheti cha afya, hupimwa kila miezi sita." Cheti kile ni cha maradhi ya kuambukiza, ni cha kumlinda mteja wako. Sukari yako hakikuitazama.

Na wewe mwenye duka, mwenye vijana watano, huhitaji kliniki. Mwite nesi asubuhi moja. Lakini jibu apewe mwenyewe mkononi, si karani wa mishahara, wala lisitajwe mbele ya wenzake. Siri ya mtu ni amana, na hata Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Watu wakiona siri zinavuja, mwaka ujao wote watakwenda kuswali sunna kama ami.

Tena wako wanaoogopa kupimwa wakiwa wamefunga. Wanazuoni wengi wanasema tone lile halifunguzi. Na mwenye kisukari tayari amuone daktari mapema, tangu Rajabu au Shaabani, apangiwe dawa zake. Akiwa amefunga na sukari ikashuka chini ya 3.9 au ikapanda juu ya 16.6, afungue pale pale, asingoje adhana. Ruhusa ya mgonjwa iko katika Suratul Baqara, si ya kuonewa haya.

Ami bado yuko godauni. Magunia habebi tena, ameketi getini anahesabu mizigo. Ile kazi aliyoogopa kuipoteza, hakuna aliyemfukuza.