Ndoa Ivukayo Mpaka na Haki ya Mwenzi Mgeni
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Msangano



Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya juu ya mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mstari ule uliwagawa Wanyamwanga katika nchi mbili, lakini haukuzigawa koo wala haukuzuia posa. Hata leo kijana wa Msangano huoa Nakonde, na binti wa hapa huolewa ng'ambo, wala wazee hawashangai. Mahari hupokelewa, ndoa hutangazwa kanisani, na mke mgeni hukabidhiwa jembe. Machoni petu amekwisha kuwa wa kwetu. Machoni pa sheria bado ni Mzambia.

Tuchukue mfano. Mama amevuka mpaka akiwa binti, amezaa watoto watano, amelima shamba la mumewe miaka 20. Mume anafariki. Baada ya arobaini, ndugu wa marehemu wanamwambia: "Wewe si raia, rudi kwenu." Mama hana cheti cha ndoa, hana kibali cha kuishi nchini, hana kitambulisho cha Taifa. Watoto wake ni Watanzania kwa baba yao. Yeye peke yake ndiye mgeni katika nyumba aliyoijenga. Na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, hata shamba analisimamia kwa mashaka.

Je, sheria haikumfikiria mama huyu? Ilimfikiria. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia wa tajnisi. Lakini tuyasikilize vizuri maneno yake: haki hiyo ni ya wakati mume yu hai. Mume akishazikwa, mlango huo umefungwa. Ndugu zangu, hili ndilo neno tunaloomba mrudi nalo nyumbani. Anayeahirisha karatasi za mkewe mwaka hadi mwaka anamwandalia ujane wa kufukuzwa.

Tufanye nini basi? Kwanza, ndoa iandikishwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila pia, na inawataka wanandoa waiandikishe katika siku 30. Waliochelewa wasikate tamaa, waende kuuliza. Waliofunga ndoa kanisani watunze cheti chao mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua.

Pili, mume aende na mkewe katika ofisi ya Uhamiaji mapema. Kabla ya uraia ipo pasi ya mtegemezi, na anayeiomba ni yule anayetegemewa. Kwa hiyo mzigo huu ni wa mume. Asiseme kwamba mke atajitafutia mwenyewe.

Tatu, mke aelezwe ukweli kabla hajatia sahihi. Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, hivyo anayeupokea uraia wetu huukana ule wa kwao. Huo ni uamuzi mzito. Mume asimlazimishe, na wakwe wasimharakishe.

Nne, tusitafute njia ya mkato. Wapo wanaoshauri mgeni aandikiwe barua kwamba alizaliwa hapa. Ushauri huo ni mtego. Kutoa maelezo ya uongo ili kupata uraia ni kosa la jinai, na anayenaswa kwanza ni yule mama, si mshauri wake.

Hatuna budi kusema pia palipo na upungufu. Kifungu hicho cha 11 kinamtaja mwanamke tu. Mwanamume Mzambia aliyemwoa binti wa Msangano hana mlango huo. Yeye huomba kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Wenzetu wa Zambia, kwa Katiba yao iliyorekebishwa mwaka 2016, humruhusu mwenzi wa raia, awe mume au mke, kuomba uandikishwaji baada ya miaka 5 ya ndoa. Kwa nini binti yetu asiwe na haki sawa na kaka yake? Swali hili tuwapelekee wabunge wetu kwa adabu na bila woga.

Mwisho, tunaomba kila jumuiya iwatambue wanandoa wa namna hii waliomo kati yake, iwasaidie kusoma fomu, na imsindikize mama asiyejua ofisi. Ruthu Mmoabu alikuwa mjane mgeni, akaokota masazo katika shamba la wengine. Boazi hakumhurumia moyoni tu. Alikwenda langoni pa mji, akalimaliza jambo mbele ya mashahidi kumi. Nasi twende langoni, mapema, wakati mume yu hai.